Siku Dada Alipofunua Uso

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi binti yangu alisukuma kata ya uji na kugeukia ukuta. Naijua saa hiyo kwa sababu treni ya mizigo ya kutoka Dodoma ilikuwa imechelewa, nami nilikuwa nimesimama nje nikitazama saa yangu na kuitegea honi. Nilifanya kazi katika gengi la reli hapo Kintinku, tukikaza skrubu na kubadilisha mataruma yaliyooza chini ya reli, na mtu wa reli hata siku ya mapumziko hulinganisha mambo ya nyumbani kwake na treni. Honi ililia upande wa Dodoma, na mke wangu akaniita ndani.

Aliniambia mtoto hataki uji, na kwamba kinywa chake kinanuka. Nilidhani ni kinywa cha mgonjwa tu. Nilipoinama karibu naye nilirudi nyuma. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza, nacho kilikuwa ndani ya mtoto wa miaka mitatu aliyenitazama kwa macho mazima kabisa.

Alikuwa ametoka kwenye surua. Vipele vilikuwa vimekauka na kuacha ngozi nyeusi iliyobambuka kama unga wa uwele, na sote tulikuwa tumeshaanza kusema amepona. Mwaka huo tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa. Zamani nyumba zetu za tembe zilikuwa zimetengana, kila boma na mashamba yake, na surua ikiingia kwenye boma moja ilimaliza watoto wa hapo na kukosa pa kwenda. Sasa nyumba zilikuwa zimepangwa mstari kando ya barabara, ukuta kwa ukuta, na surua ilitembea kwenye mstari huo kama mjumbe wa nyumba kumi, haikuruka mlango.

Nyumbani kwetu ugonjwa huo haukutajwa kwa jina. Tulisema mtoto ana wageni. Na wageni walikuwa na masharti yao, yaliyoshikwa na mama yangu kama alivyoyapokea kwa mama yake. Mtoto akae chumba cha ndani, gizani. Asiogeshwe. Asipigwe sindano, maana sindano huwarudisha wageni ndani nao humuua. Asile nyama wala mafuta. Juu ya yote, asionje maziwa, kwa kuwa mtoto mwenye wageni akinywa maziwa, ng'ombe wa nyumbani kwao huota vidonda kwenye chuchu, hata maziwa yakiwa ya kwingine, zikapasuka, na ugonjwa ukamaliza zizi zima. Kwa watu wanaoishi kwa ng'ombe, sharti hilo halikuhitaji mtu wa kulisimamia. Kwa hiyo binti yangu alikuwa amekaa wiki baada ya wiki akinywa uji wa uwele wa maji matupu, katika nyumba yenye vibuyu viwili vya maziwa vilivyoning'inia ukutani.

Tulisema Kigogo tukiwa nyumbani, lakini nitaandika maneno yetu kwa Kiswahili.

Mke wangu aliinua mdomo wa mtoto kwa kidole. Ufizi wa chini upande wa kushoto ulikuwa na utando wa kijivu, na meno mawili yalicheza yakiguswa. Mama alikuja akatazama, akasema ni vidonda vya kawaida vya wageni wanaoaga, na kwamba kinywa hakijasuguliwa vya kutosha. Yeye alikuwa akikisugua kila asubuhi kwa kitambaa chenye majivu na chumvi ya mbugani, ile tuliyochemsha wenyewe kwa udongo. Mtoto alilia kila mara, na kila mara mama alimbembeleza kwa utani wa bibi na mjukuu, akimwita "mke mwenzangu" na kumwambia mume wao hapendi mwanamke wa machozi. Sitaki msomaji afikiri mama alikuwa mkali. Alimpenda mtoto huyo kuliko alivyotupenda sisi.

Hapo ndipo dada yangu alipofika na mtungi wa maji.

Lazima nieleze kuhusu dada yangu, kwa sababu watu wengi wa kwetu wanaukumbuka uso wake, na wachache wanakumbuka alichofanya nao. Alikuwa mkubwa kwangu. Alipokuwa mdogo alipata surua, na baada ya surua shavu lake la kushoto lilioza na kutoboka. Alipona, lakini kovu lilivuta mdomo juu hata meno ya upande ule yakabaki wazi siku zote, na taya likakaza lisifunguke zaidi ya unene wa kidole. Ugali aliubonyeza ukawa bapa ndipo akaupitisha. Alikula peke yake akiwa ameelekea ukuta, na kanga yake haikuondoka usoni, jua liwe kali namna gani. Hakuolewa. Watoto wakimcheka aliwaambia, "Mimi nimeshacheka nusu, hiyo nusu nyingine nawaachia ninyi," nao walikimbia.

Alitua mtungi mlangoni, akasimama. Hakutusalimu. Alivuta hewa puani mara moja, kama mtu anayesikiliza, kisha akamwomba mke wangu amlete mtoto mlangoni kwenye mwanga. Mama alikataa, mwanga ungeumiza macho ya mtoto. Dada aliingia mwenyewe akambeba hadi kizingitini, akaligeuza shavu lake kwenye jua.

Kwa nje, chini kidogo ya mfupa wa shavu, ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa, na katikati yake palikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya hindi. Mke wangu alilowesha ncha ya kanga yake akalifuta. Halikutoka. Alifuta tena.

"Si masizi hayo, wifi," dada alisema. "Acha. Mimi nilianza hivyo hivyo."

Mama alisema kwa hasira kwamba dada hawezi kujua alivyoanza, kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko mtoto huyo.

"Harufu naikumbuka, mama. Nililala nayo."

Nilisema twende hospitali. Zahanati ya kijiji chetu kipya ilikuwa bado kuta zisizo na bati, na hospitali ya karibu yenye daktari ilikuwa ng'ambo ya Manyoni. Nilijua pia jambo ambalo wengine hawakulijua: treni ile ya mizigo ingesimama stesheni yetu kungoja kupishana na ya abiria iliyokuwa ikitoka Tabora. Ya abiria ikipita tu, ya mizigo ingeondoka, na baada yake hapakuwa na nyingine ya kuelekea Manyoni hadi kesho yake. Nilimweleza mama hayo yote kwa utaratibu.

Mama alinisikiliza kwa adabu, kama alivyonisikiliza siku zote. Mimi sikusoma shule. Nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, kisha nikaendelea peke yangu kwa chochote chenye herufi, na nilikuwa na kawaida ya kumsomea mama habari za vyoo na maji ya kuchemsha. Alikubali kila kitu kwa kichwa, kisha akafanya alivyokuwa akifanya. Juu ya kinywa cha mtoto sikuwa na lolote nililosoma. Alinijibu kwamba hospitali watampiga sindano, wageni watarudi ndani. Na hata asipopigwa sindano, watampa maziwa. Kila mtu anajua hospitali hupenda kuwapa watoto maziwa. Tulikuwa tumebaki na ng'ombe watatu baada ya kuhama. Je, nilitaka kuwaua hao pia?

Mke wangu alikuwa ameanza kulia bila sauti. Kwa desturi mtoto mwenye wageni yuko mikononi mwa bibi yake, mama mzazi hana neno, na baba naye analo dogo tu. Ningeweza kumnyakua mtoto nikakimbia naye stesheni. Lakini mtoto aliyenyakuliwa mikononi mwa bibi yake, akifa njiani, angeivunja nyumba yetu milele, na kila mtu pale mlangoni alilijua hilo.

Dada alimrudisha mtoto kwa mke wangu. Akaishusha kanga yake mabegani.

Tulizaliwa nyumba moja, na bado sikuwa nimeuona uso wake mzima mchana tangu nilipokuwa mvulana. Alipiga magoti mbele ya mama, akamsalimu kama mtu aliyefika sasa hivi kutoka safari ya mbali.

"Shikamoo, mama."

Salamu hiyo kwetu haiachwi bila jibu. Mama aliitikia marahaba, lakini macho yake aliyapeleka kwenye mtungi.

"Niangalie mimi, usiuangalie mtungi."

Mama alimwangalia.

"Mlininyima maziwa ili chuchu za ng'ombe zisipasuke. Zilipasuka?"

"Hazikupasuka," mama alisema.

"Vizuri. Ng'ombe wale wako wapi leo?"

Jibu tulilijua wote: walikufa mwaka wa njaa, wote, hata ngozi zao ziliuzwa.

"Wamekufa, mama. Mdomo wangu bado ninao." Sauti yake haikupanda. Maneno yalipita kwenye lile taya lililokaza kama yalivyopita siku zote, moja moja. "Mimi sikulaumu. Ulifuata ulivyoambiwa. Lakini leo hujaambiwa na marehemu, umeambiwa na mimi."

Huko stesheni injini ilitoa pumzi. Mama aliinuka, akatoa ile nguo nzito aliyotubebea sisi wote mgongoni, akaikung'uta vumbi.

"Nipe mke mwenzangu," alimwambia mke wangu. "Kama ni kwenda, hatabebwa na mtu mwingine."

Tulikwenda watatu, mama, mke wangu na mimi. Dada alibaki na ng'ombe. Treni ya abiria ilikuwa imeshapita, na ile ya mizigo ilikuwa imepewa bendera ya kuondoka. Gadi wake, msimamizi wa behewa la mwisho, alikuwa Mnyamwezi niliyemjua kwa sura, naye aliponiona nikikimbia kando ya mabehewa alifungua mlango wa behewa lake na kunyoosha mkono. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, kwa hiyo hata kabla hajajua shida yetu aliuliza tangu lini Wagogo wanasafiri bila kibuyu cha mlenda. Mama, huku akihema, alimjibu kwamba mlenda tumewaachia watumwa wetu Tabora. Gadi alicheka sana. Alipoliona shavu la mtoto aliacha kucheka, akavua koti lake na kumtandikia mama pa kukaa. Tulipofika Manyoni aliruka chini mwenyewe kututafutia lori la mtama lililokuwa likielekea upande wa hospitali.

Hospitalini alitupokea mganga mmoja wa makamo, mtu mpole aliyevaa viatu vya matairi. Alinusa kama dada alivyonusa. Alitazama ufizi, akabonyeza ukingo wa lile doa, kisha hakuuliza habari za kinywa hata kidogo. Aliuliza mtoto anakula nini. Mama ndiye aliyejibu, wazi, bila kuficha sharti hata moja, akaongeza na sababu ya chuchu za ng'ombe. Nilitegemea atakemewa. Mganga alimwambia kwamba amejibu vizuri kuliko kina mama wengi wanaokuja pale, kwa sababu wengine humdanganya naye hutibu uongo.

Alitueleza kwamba surua haiishii kwenye ngozi. Inaingia kinywani, machoni na kifuani, na ikiondoka inamwacha mtoto kama boma lisilo na miiba. Mtoto aliyekula vizuri huurudisha ua wake haraka. Aliyekaa na njaa hushindwa, na ule uchafu mdogo ambao hukaa katika kinywa cha kila mtu huanza kumla mwenyewe, kwanza ufizi, kisha shavu kutoka ndani kwenda nje. Huwapata wachache tu kati ya wengi wanaougua surua, ndiyo sababu watu hawaunganishi mambo hayo mawili. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya habari hii, na sijakuta mahali mganga yule alipokosea.

Dawa yake ilikuwa sindano za penisilini, kinywa kuoshwa taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo ya dukani, bila kusugua wala majivu, na maziwa. Maziwa mengi kadiri mtoto atakavyokubali, na mayai, na samli ndani ya uji. Kuhusu shavu hakuahidi kitu. Alisema doa likilainika na kuachia katikati, litatoboka, na hakuna atakachoweza kufanya kulizuia. Likibaki kavu, huenda shavu likashika.

Mama aliomba kijiko. Alikaa chini kando ya kitanda, akamweka mtoto mapajani, akachota maziwa, na kwa muda kijiko kilibaki hewani. Nilimwona akipeleka macho dirishani, upande ambao alidhani ni wa nyumbani. Kisha akakipeleka kinywani mwa mtoto. Akachota kingine. Tangu hapo hakumruhusu hata mke wangu kushika kijiko kile, na wauguzi waliokuja kumpokea waliambiwa kwa heshima waende wakawatazame wagonjwa wao.

Doa halikuachia. Lilikaza, likageuka rangi ya zambarau, halafu ya majani makavu, kisha ngozi ya juu ikabambuka na chini yake ikaonekana ngozi mpya, nyekundu. Ndani ya kinywa kipande cha ufizi kilichokufa kilitoka chenyewe pamoja na yale meno mawili, na mganga alisema ni meno ya utoto, mengine yatakuja. Yalikuja. Leo binti yangu ni mtu mzima, na alama aliyobaki nayo ni kishimo kidogo shavuni upande wa kushoto. Wasiojua husema ameumbwa na kishimo cha urembo. Nami sina haraka ya kuwasahihisha.

Tuliporudi Kintinku, mama hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja zizini na vumbi la safari miguuni. Dada alikuwa akikamua.

"Kagua, mama," alisema bila kugeuka. "Nami nilikuwa nakagua kila asubuhi, nisije nikaitwa mwongo."

Mama alichuchumaa akashika chuchu za ng'ombe wote watatu, moja baada ya nyingine, akizipapasa kwa kidole gumba. Zilikuwa nzima. Alikaa pale chini kwenye samadi muda mrefu, mkono mmoja kwenye kiwele cha ng'ombe na mwingine kwenye goti la dada. Sikusikia walichosemezana, na sikuwauliza.

Surua ilikuwa bado kwenye mstari wa nyumba. Kesho yake dada alitoka asubuhi akiwa amejifunga kanga kiunoni, uso wazi, akaanza nyumba ya kwanza. Aliingia kila penye mtoto mwenye wageni, akapiga magoti kwa bibi wa nyumba hiyo, akasalimu, na kungoja mpaka atazamwe. Kisha alisema maneno yake machache. Baadhi walilia. Mzee mmoja alimfokea, akasema amekuja kuwatisha watu na uso wake.

"Ndiyo, babu," alimjibu. "Nimekuja kwa hiyo kazi. Ukishaogopa vizuri, mpe mjukuu wako maziwa."

Mzee hakumpa siku hiyo. Alimpa kesho yake, baada ya dada kurudi tena na kukaa mlangoni pake. Nyuma ya dada alikuja mama, na huyo ndiye aliyewamaliza wenye ubishi, kwa sababu kila mtu alimjua kuwa mshika masharti kuliko wote. Alibeba kibuyu cha samli kwapani. Penye nyumba isiyo na ng'ombe, na zilikuwa nyingi tangu kuhama, alimimina samli yake kwenye uji wa mtoto kwa mkono wake mwenyewe, akangoja hadi kata iishe. Siwezi kusema tuliwaponya wote. Mtoto mmoja wa mwisho wa mstari alipoteza jicho, na mwingine mchanga alikufa kwa kifua. Lakini katika kijiji chetu hakuna mtoto mwingine aliyetoka kwenye surua ile na shavu lililotoboka, na ndiyo fahari ya nyumba yangu. Ninasema wazi kwamba ni fahari, kwa kuwa mambo mengine niliyofanya maishani, hata mataruma yote niliyobadilisha, watu wengine wangeweza kuyafanya.

Dada hakuirudisha kanga usoni. Alikula nasi kwenye sinia moja, akibonyeza matonge yake bapa na kutuambia tumngoje, tusile kama watu wa stesheni.

Mama naye alikuwa na fahari yake, tofauti na yangu. Samli ile ilikuwa ya kuuza. Kila msimu wa majani aliikusanya na kuipeleka stesheni, akawauzia abiria wa treni kwa chupa, na kwa fedha hizo alinunua nguo zake na zetu. Msimu huo hakuuza hata chupa moja. Yote iliingia kwenye uji wa watoto wa watu. Mimi nilimpigia hesabu mara moja tu, alipotaka kujua, kwa bei ya stesheni ya wakati ule. Tangu hapo, kila alipokuja mgeni wa kuheshimika, aliniita nikae karibu na kuniambia nimtajie mgeni hasara ya samli ile. Alinyoosha mgongo akingoja nitamke, nami nilitamka: shilingi themanini na nne.